Mwiba Uliolazwa

Rangi nyeusi hukaa. Samaki akishagandishwa kwa fomalini na kuhamishiwa kwenye spiriti, njano na nyekundu zake huyeyuka polepole hadi maji ya chupa yakapata rangi ya chai. Mng'ao wa ubavuni hufa, na mwili mzima huelekea kwenye hudhurungi. Weusi ndio unaovumilia. Kwa hiyo mtu anayetaka kupiga samaki waliohifadhiwa picha za kutundikwa ukutani na kutazamwa kwa uzuri wake, huanza na wenye madoa. Mimi nilianza na gogogo wa Ziwa Tanganyika, yule ambaye wanasayansi humwita Synodontis multipunctatus: mwili mweupe uliomwagiwa madoa meusi ya mviringo, pezi la mgongoni jeusi lenye ukingo mweupe, masharubu, macho makubwa. Mtaalamu wa samaki Boulenger alimpa jina hilo mwaka 1898 akiwa London.

Sikumtafuta. Aliletwa stidio yangu ya Birere, mjini Goma, na mwalimu wa biolojia aliyekuwa amechoka kuchora mapezi ubaoni. Kazi zetu pale ni picha za pasipoti, harusi, kolasio za vyuo, mabango ya matanga, na kalenda za wagombea msimu wa kura ukifika. Mwalimu alitaka kitu kingine: picha kubwa za samaki wenye sumu, zenye ubora wa kutundikwa popote, darasani kwanza, kisha kwenye maonyesho mjini ikiwezekana. Chupa zenyewe, alisema, haziwezi kupitishwa mkono kwa mkono katika darasa la Goma lililojaa mpaka madirishani. Moja ikianguka, watoto wote watatoka wakikohoa.

Aliposema samaki wenye sumu alimaanisha wanaochoma, na alikuwa mkali juu ya hilo. Bunju ana sumu, na Ziwa Tanganyika lina bunju wake mkubwa, Tetraodon mbu, lakini bunju humdhuru anayemla, si anayemshika. Hakumtaka. Hakumtaka hata yule kambale mdogo wa Tanganyika, Lophiobagrus cyclurus, ambaye akitiwa ndoo moja na samaki wengine hutoa ute unaoweza kuwaua. Alitaka mwiba: sumu inayobebwa na silaha na kuingia mwilini kwa jeraha. Katika maziwa yetu hao ni jamii za kambale, na katika chupa zake walikuwa gogogo.

Wageni hushangaa nikiwaambia kwamba Ziwa Kivu, lililo mbele ya milango yetu, halina gogogo hata mmoja. Ni ziwa maskini kwa aina za samaki. Zamani maji yake yalikwenda kaskazini, kuelekea Ziwa Edward. Volkano za Virunga zilipoinuka zikaziba njia hiyo, ziwa likajaa, likafungua mlango kusini kupitia mto Ruzizi, na maporomoko ya Ruzizi hayamruhusu samaki wa Tanganyika kupanda hadi kwetu. Chini kabisa maji hayana oksijeni. Yamebeba methani na kaboni dioksidi, na anayeishi humo anaishi karibu na uso. Hata sambaza wanaokaangwa kila kona ya Goma, ambao mtoto wa hapa angeapa kwamba waliumbwa pamoja na ziwa, waliletwa na watu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Kwa hiyo samaki wa mwalimu ilibidi watoke kusini.

Walitoka Uvira, nyumbani kwake. Uvira ni mji uliozoea chupa za samaki. Taasisi ya utafiti ya Wabelgiji, IRSAC, iliyoanzishwa mwaka 1947 na kujengewa makao Lwiro, karibu na Bukavu, iliweka pale kituo cha kuchunguza ziwa, na kazi hiyo iliendelea baada ya uhuru. Chupa za mwalimu hazikuwa za kituo. Alizipata kwa mtu mzima aliyestaafu, na huyo naye alizipata kwa mwingine. Nyingine zilikuwa na vikaratasi vya penseli ndani, mahali na tarehe. Nyingine hazikuwa na kitu. Zilipanda barabara hadi Bukavu, zikavuka ziwa kwa boti zikiwa zimeviringishwa mashuka. Bandarini afisa mmoja alinusa spiriti, akaamini amekamata pombe ya lutuku inayosafirishwa kwa ujanja. Mwalimu akamfungulia kifuniko, afisa akakutana uso kwa uso na samaki mwenye masharubu, na mazungumzo ya ushuru yakaishia hapo.

Kupiga picha kupitia chupa ya mviringo hakufai. Kioo hupinda kila mstari, na kila taa ya chumbani hujichora juu yake. Nilimwendea fundi wa madirisha ya alumini, akanigundishia vipande vya kioo bapa nikapata sanduku jembamba lenye upana wa kumtosha samaki tu, kwa kuwa kadiri maji yanavyokuwa machache mbele ya lenzi, ndivyo picha inavyokuwa safi. Ndani yake tulitia spiriti ya nguvu ileile aliyotoka nayo samaki. Hili halina njia ya mkato. Ukimtoa kwenye spiriti ukamtia kwenye maji, vimiminika viwili vinavyochanganyika huanza kuchezacheza kuzunguka mwili wake na kila kitu kinakuwa na ukungu. Madirisha wazi, hakuna jiko wala sigara karibu, taa moja kutoka kila upande zikiwa zimeinamishwa, kitambaa cha mahameli nyeusi nyuma. Mpiga picha naye avae nguo nyeusi, asije akajiona tumboni mwa samaki. Kisha kungoja. Mapovu madogo hujishika kwenye masharubu na chini ya mapezi, na hayaondoki kwa kufokewa. Ncha ya sindano huyasukuma moja moja. Vumbi la Goma, ambalo ni jiwe la volkano lililosagwa na magurudumu, lina uzito wake na hutua polepole. Ukilipa muda litakaa chini lenyewe.

Matokeo yalikuwa mazuri mno. Gogogo wa mwalimu aliibuka kutoka kwenye giza na madoa yake yote, kila unywele wa sharubu la chini ukionekana, jicho likiwa limegeuka jeupe kama ilivyo kwa kila samaki wa fomalini. Watu walioingia stidio kuchukua picha za pasipoti walisimama mbele ya skrini wakauliza bei.

Picha za namna hii zina hadhi kubwa ng'ambo. Adam Summers, mtaalamu wa samaki wa Chuo Kikuu cha Washington, huwafanya wawe angavu: kimeng'enya hula nyama mpaka ipitishe mwanga, rangi nyekundu hushika mifupa na buluu hushika gegedu, kisha samaki hupigwa picha juu ya meza ya mwanga akiwa ndani ya gliserini. Mwaka 2013 picha zake zilitundikwa kwenye nyumba ya samaki ya Seattle. Mwaka mmoja kabla, Taasisi ya Smithsonian kule Washington, D.C., ilionyesha picha za eksirei zilizotengenezwa na Sandra Raredon, mfanyakazi wa idara yake ya samaki, na watu wakaitazama mifupa ambayo awali ilikuwa kazi ya kawaida ya kuhesabu pingili za mgongo. Nimezitazama kwenye simu usiku mwingi umeme ulipokuwepo. Nazikubali, ila nina neno moja nazo. Zinaonyesha mwiba kama mfupa, na mfupa hauna sumu.

Sumu ya samaki hawa haina mrija kama ya nyoka. Imo katika seli za tezi ndani ya ngozi inayouvika mwiba. Mwiba ukiingia kwenye nyama ya mtu ngozi hiyo huchanika, seli hupasuka, na kilichomo hubaki jerahani. Ukimfanya samaki awe angavu, umeiyeyusha ngozi. Ukimpiga eksirei, umeipita bila kuiona. Mwaka 2009 Jeremy Wright, akiwa Chuo Kikuu cha Michigan, alichapisha kazi iliyotokana na kukata miiba ya jamii nyingi za kambale vipande vyembamba na kuvitazama kwa hadubini. Akakadiria kwamba angalau aina 1,250, na pengine zaidi ya 1,600, zina tezi za sumu. Kabla ya hapo wengi walidhani wenye sumu ni wachache wanaojulikana. Sehemu ya jibu ilikuwa imekaa chupani miaka yote. Fomalini ilikuwa imezihifadhi tezi, na hakuna aliyekuwa amezitafuta.

Nilimsomea mwalimu habari hiyo, akafurahi kuliko nilivyotegemea. Alisema watoto wa Uvira hujua kwamba jeraha la gogogo huuma kuliko jeraha la msumari wa ukubwa uleule, na wakubwa huwaambia ni uoga. Sasa alikuwa na la kuwajibu wakubwa. Na kwa sababu sumu yenyewe ni protini, dawa ya kwanza iko jikoni: maji ya moto kiasi anachovumilia mtu, karibu nyuzi 45, yajaribiwe kwanza kwa mkono usioumia, kisha mkono uliochomwa ulowekwe kwa nusu saa hadi saa na nusu. Joto huiharibu protini. Baadaye ndipo zije habari za kutoa kipande cha mwiba, kusafisha, na kwenda hospitali ikiwa mkono unavimba.

Sumu ya maziwa yetu haiwezi kushindana na ya bahari. Samaki-jiwe wa Bahari ya Hindi, Synanceia verrucosa, ana miiba 13 mgongoni, na kila mwiba una mifuko yake miwili. Australia imekuwa ikitengeneza dawa ya kuizima sumu yake tangu mwaka 1959. J.L.B. Smith wa Afrika Kusini, aliyempa silikanti jina la kisayansi mwaka 1939, alichomwa mkononi na samaki-jiwe mwaka 1950 huko Pinda, kaskazini mwa Msumbiji, na mwaka uliofuata akaandika juu ya maumivu yake mwenyewe katika jarida la wataalamu wa samaki. Mtu aliyezoea kupima mapezi kwa milimita alijikuta akipima mateso yake kwa saa. Nikilinganisha maandishi ya namna hiyo na picha yoyote ya samaki-jiwe niliyopata kuiona, naona picha zote zimenyamaza. Samaki-jiwe pichani ni jiwe lenye mdomo.

Goma hatuhitaji kufundishwa juu ya kitu kinachoua bila kuonekana. Tuna mazuku, hewa nzito ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kutuama mabondeni na kwenye mashimo, hasa asubuhi kukiwa hakuna upepo. Mbuzi anayeinamisha kichwa hufa, mtu aliyesimama karibu naye hasikii kitu. Nimewahi kuombwa nipige picha ya mahali pa mazuku kwa ajili ya kibao cha tahadhari. Ilikuwa picha ya majani mabichi na mawe meusi, mahali ambapo ungependa kukaa na kula. Mwenye kazi aliitazama akasema haitishi. Mwishowe alichora fuvu.

Fuvu kwa samaki sikulitaka. Niliamini kulikuwa na njia ya kuonyesha hatari kwa kumwonyesha samaki mwenyewe vizuri, na njia hiyo nilionyeshwa Kituku.

Kituku ni ufuo wa samaki na makaa na mihogo, pale boti za mbao kutoka Idjwi na Minova hushusha mizigo. Nilikwenda na picha za majaribio chini ya kwapa kwa sababu nilitaka macho ya watu wanaoshika samaki kila siku. Mama mmoja anayeuza kambale aliichukua ile ya gogogo kwa mikono iliyolowa, ikalowa nayo. Gogogo hajawahi kumwona. Kambale anawajua tangu utoto. Hakutazama madoa hata kidogo. Macho yake yalikwenda moja kwa moja nyuma ya kichwa, mahali pezi la kifuani linapoanzia, yakakaa hapo.

"Papa," akasema, "huyu mulimulaza. Muzima hawezi kukupatia mukono vile."

Alikuwa anasema juu ya mwiba. Katika picha yangu miiba yote ya gogogo ilikuwa imelala: wa mgongoni umekunjwa nyuma, ya kifuani imebanwa ubavuni. Samaki alionekana mpole. Mama akaweka kisu chini, akatoa kambale kwenye beseni, akamshika nyuma ya kichwa kwa vidole viwili vilivyopita nyuma ya miiba, na akanionyesha: kambale akaisimamisha miiba yake yote miwili, kulia na kushoto, ikasimama wima kabisa. Akanisukumia nijaribu kuilaza. Haikulala. Mama alicheka, akausokota mwiba kidogo upande, kitu kikalegea ndani, ukalala.

Hapo ndipo ilipo siri yote ya silaha hii, na si kwenye ncha. Shina la mwiba wa kifuani limechongwa hivi kwamba linapoinuka hujibana kwenye mfupa wa bega, na nguvu ya kusukuma moja kwa moja hailiondoi. Gogogo ana wa tatu, wa mgongoni, na mbele yake kuna mwiba mfupi unaofanya kazi ya komeo. Samaki mkubwa au ndege akimmeza akiwa ameifunga miiba mitatu, ameze asimeze, yuko taabuni. Mvuvi anayemtoa kwenye wavu huchomwa kwa sababu hiyohiyo: wavu huvuta, samaki hufunga, mkono hufuata wavu. Picha yenye miiba iliyolazwa inamwambia mtazamaji kwamba samaki huyu ana mistari mirefu ya mfupa ubavuni. Haimwambii mkono wake utaingia wapi.

Na hakukuwa na la kufanya. Nilimrudia gogogo na koleo laini la plastiki, mwalimu akanizuia. Samaki aliyekwisha gandishwa na fomalini hainuliwi mwiba. Ukilazimisha, shina huvunjika au ngozi huchanika, na ngozi ndiyo tuliyokuwa tukiitafuta. Picha niliyodhani naipiga Birere ilikuwa imepigwa zamani, Uvira, ndani ya saa za kwanza za kifo, na mtu aliyekuwa na haraka ya kuingiza samaki wengi katika chupa nyembamba. Alimlaza mwiba ili kifuniko kifunge. Kila lenzi iliyokuja baada ya hapo ilikuwa inapokea uamuzi wake.

Jambo hilo limebadilisha kazi yangu zaidi ya chochote nilichojifunza juu ya taa. Sasa vijana wa stidio wakitaka kuingia kwenye kazi za sampuli, siwapi kamera kwanza. Tunakwenda Kituku alfajiri, tunanunua kambale aliyekufa karibuni, tunamlaza kwenye ule ubao laini mweupe unaokuja ndani ya katoni za televisheni. Miiba inasimamishwa mpaka ijifunge, mapezi yanafunguliwa na kushikiliwa kwa pini, kisha brashi iliyochovywa kwenye fomalini kali inapakwa kwenye mashina. Dakika chache tu na yamekauka namna ile. Baadaye ndipo anapoingia kwenye fomalini ya asilimia 10, akiwa amedungwa tumboni ili dawa ifike ndani kabla ya kuoza, akae siku kadhaa, asafishwe kwa maji, ahamie kwenye spiriti ya asilimia 70. Glovu, nje ya nyumba, upepo ukitupita mgongoni. Samaki aliyekufa bado anachoma, kwa hiyo wanafanya kazi hiyo kwa adabu.

Wengine walilijua tatizo hili kabla yetu, ila walilikabili kutoka upande wa rangi. Msafara wa Charles Lemaire uliopita Tanganyika na Katanga kati ya mwaka 1898 na 1900 ulikuwa na mpiga picha, François Michel, na ulikuwa pia na mchoraji, Léon Dardenne. Dardenne aliwachora samaki kwa rangi za maji wakiwa bado wabichi, kwa maana kila mtu pale alijua kwamba kitakachofika Ulaya ndani ya chupa kitakuwa kimepauka, na kamera ya wakati ule haikuwa na rangi. Boulenger alipewa miili. Mmojawapo alimwita Lamprologus lemairii, kwa heshima ya mkuu wa msafara. Wavuvi waliowatoa majini hawakupewa samaki wa kubeba majina yao. Miaka zaidi ya mia baadaye, Sammy Baloji wa Lubumbashi aliingia kwenye hifadhi za makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, akazichanganya picha za Michel na michoro ya Dardenne katika kazi iliyoonyeshwa mwaka 2011. Nilipoiona kwenye kitabu nilifikiri kwanza juu ya siasa, kama inavyotakiwa. Siku hizi nafikiri zaidi juu ya yule Dardenne ameinama juu ya samaki anayekauka juani, akishindana na muda.

Goma nayo imelazwa mara nyingi ili kifuniko kifunge. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji, na tarehe 22 Mei 2021 ilirudi na kusimama karibu na uwanja wa ndege. Kati ya hapo na baada ya hapo vita vimekuja na kuondoka na kuja. Kila mara wapiga picha hufika wakijua tayari mwili utakaaje: mama amebeba godoro, mtoto mbele ya jiwe jeusi, moshi nyuma. Sisemi ni uongo. Godoro lilikuwepo, nami nilibeba la kwetu. Nasema ni mkao mmoja kati ya mingi ya kiumbe huyo, na umegandishwa. Pamela Tulizo, mpiga picha wa Goma aliyeshinda tuzo ya Dior ya vijana mwaka 2020, alifanya kazi nzima juu ya jambo hilo: mwanamke wa mji huu kama anavyotazamwa na mwanamke huyohuyo kama anavyojitazama. Wanafunzi wangu huelewa kazi ile upesi baada ya kuchomeka pini kwenye pezi la kambale.

Kuna mteja, mtu wa nje mwenye pesa, aliyenishauri nimweke gogogo juu ya jiwe la lava. Ingeuzika, alisema, ingekuwa na Goma ndani yake. Gogogo wa Tanganyika hajawahi kuona lava maishani mwake. Nilimpelekea bei ya picha bila jiwe, hajajibu mpaka leo.

Mandhari nyeusi nayo tuliiacha, na sababu ya kwanza ilikuwa wino. Picha ya sentimita 60 kwa 90 yenye giza pande zote hunywa katriji kwa namna inayomtia mtu huzuni, na karatasi nzuri ya pamba, ambayo kwetu hufika kwa kuzunguka Kampala na Gisenyi, huweza kujikunja ikilowa wino kiasi hicho. Tulijaribu mandhari ya kijivu chepesi, mwanga ukitoka nyuma kidogo. Ikatokea kwamba ngozi inayouvika mwiba, ule utando mwembamba wenye tezi, huonekana vizuri zaidi ukipitiwa na mwanga kutoka nyuma: ukingo unaong'aa kidogo pembeni mwa mfupa, mzito kuelekea shinani. Kwenye mahameli nyeusi ulikuwa umepotea kabisa. Wapenzi wa sanaa wa mjini walisikitika, wakasema picha imepoteza fumbo lake. Mwalimu alisema hakuja kununua fumbo.

Alichukua seti ya karatasi kwa ajili ya darasa, kambale wa Kivu mwenye miiba iliyosimama pembeni mwa gogogo wa Uvira mwenye miiba iliyolala. Chini ya huyo wa pili aliandika kwa mkono kwamba ndivyo alivyowekwa, sivyo anavyoishi. Maelezo ya maji ya moto yako kwenye kila picha, kwa Kiswahili na Kifaransa. Kwa Kituku karatasi haifai, mvua na magamba vingeimaliza kabla ya Jumapili, kwa hiyo tulichapa moja kwenye turubai la mabango ya matanga, na mama wa kambale akaifunga kwa kamba juu ya beseni zake. Wanunuzi huuliza maswali juu yake. Majirani wanasema imempandishia bei ya samaki, naye hakatai.

Sasa ameagiza ya pili. Anataka mkono wake uwemo ndani ya picha, ukimshika kambale nyuma ya miiba kama alivyonishikia siku ile, maana anasema watu hutazama samaki tu wakasahau kutazama vidole. Nimekubali. Kinachotukwamisha ni bei: anadai kwamba mwenye mkono hawezi kulipia picha ya mkono wake, nami nadai turubai halijali ni mkono wa nani. Tumefika nusu, na kambale wawili juu yake.